Giaboksi ya mtambo wa upepo: kusoma mzigo wa gia na kujua kinacholika

Giaboksi ya mtambo wa upepo, sanduku la gia linaloipandisha kasi ndogo ya rota hadi kasi ya jenereta, husanifiwa idumu miaka 20. Nyingi hufunguliwa mapema kuliko hapo, na zikifunguliwa swali huwa lilelile: data ilikuwapo, mbona hakuna aliyeona? Mara nyingi data iliona. Tatizo ni kwamba ilisomwa vipande vipande. Mtu wa mtetemo alitazama mtetemo, wa oili akatazama oili, na mzigo wenyewe unaosukuma jino juu ya jino haukutazamwa na yeyote, kwa sababu SCADA, mfumo wa kompyuta unaosimamia mtambo na kuhifadhi data zake, ulionyesha wastani mzuri.

Mwongozo huu unaanzia kwenye mzigo. Mtetemo na chembe ndani ya oili hukwambia uharibifu umekwisha kuanza. Mzigo hukwambia utaanzia wapi na utakwenda kwa kasi gani. Nimeanza na dalili za vipimo vyenyewe, kwa kuwa kengele nyingi za uongo huzaliwa huko, kisha zinafuata za giaboksi.

## Kabla ya yote: torki yako inapaswa kuwa ngapi?

Usitafute kosa kabla ya kufanya hesabu hii kwa mkono. Mfano tutakaoutumia ni mtambo unaotoa MW 2, rota ikizunguka mara 16 kwa dakika na shafti ya jenereta mara 1,500. Ukikadiria kwamba asilimia 6 ya nishati inapotea njiani kwenye giaboksi, jenereta na konvata (kifaa cha elektroniki kinachoulinganisha umeme na gridi), rota inapaswa kuleta takriban MW 2.13. Gawanya kwa kasi ya rota, radiani 1.68 kwa sekunde, upate torki, yaani nguvu ya kusokota, ya kilonyutoni-mita (kNm) 1,270 kwenye shafti kuu. Upande wa jenereta, kasi ikiwa imezidishwa karibu mara 94, torki imeshuka hadi kNm 13.5 hivi.

Kwa hiyo ndani ya sanduku moja kuna dunia mbili. Upande wa rota nguvu ni kubwa mno na mizunguko ni michache, ndiyo maana hatua ya kwanza huwa ya sayari: gia tatu au zaidi zinazunguka gia ya jua ndani ya gia ya pete na kugawana mzigo. Upande wa jenereta nguvu ni ndogo lakini mizunguko haihesabiki. Dalili moja, kwa mfano mtetemo ulioongezeka maradufu, haina maana ileile pande hizi mbili.

Torki ya shafti kuu hupimwa kwa geji za mkazo, vipande vyembamba vya chuma vinavyogundishwa juu ya shafti na kubadili ukinzani wa umeme shafti inaposokotwa. Shafti isiyo na tundu yenye kipenyo cha mita 0.6 ikibeba torki yetu hunyumbuka kwa sehemu 190 hivi katika milioni. Daraja kamili, yaani saketi ya geji nne zilizounganishwa pamoja, kila geji ikiwa na kizidishi cha 2, hutoa karibu milivolti 0.4 kwa kila volti unayolilisha. Lilishe volti 5, na mtambo ukiwa umepakia kabisa utapata chini kidogo ya milivolti 2. Hizo milivolti mbili ndizo unazotaka kuzisoma kutoka kwenye shafti inayozunguka, kando ya konvata inayopiga kelele za umeme mchana na usiku. Ukilikumbuka hilo, mengi yanayofuata hayatakushangaza.

## Torki hairudi sifuri

Mtambo umejitoa kwenye gridi, rota inazunguka polepole bila mzigo, lakini rekodi inaonyesha kNm 60 au 80. Hakuna nguvu ya kweli ya kiasi hicho hapo. Msuguano wa beringi na sili ni mdogo kuliko huo.

Sababu ya kawaida ni sifuri iliyohama. Daraja kamili hujisahihisha lenyewe joto likibadilika kwa usawa, ila shafti kuu haipati joto sawa: karibu na beringi kuu ni moto, upande wa kitovu cha rota ni baridi. Gundi iliyokauka vibaya hutambaa. Unyevu ukiingia chini ya kifuniko hupunguza ukinzani kati ya geji na shafti, na hapo sifuri haihami tu, inatangatanga. Pima ukinzani huo kwa mita ya insulesheni yenye volti ndogo. Ukikuta umeshuka hadi megaomu chache, acha kurekebisha namba kwenye programu, panda ukabandike geji mpya.

Sifuri hupatikana hivi: upepo ukiwa hafifu, acha rota ijizungushe polepole jenereta ikiwa haijaunganishwa, rekodi mizunguko kamili kadhaa, kisha chukua wastani wake. Mizunguko iwe kamili, kwa sababu uzito wa mapanga na kitovu hupinda shafti, na mpindo huo huonekana kama wimbi moja kwa kila mzunguko. Daraja la torki lililobandikwa sawasawa kwa nyuzi 45 halipaswi kuliona wimbi hilo hata kidogo. Likiliona, geji zimekaa upande au nyaya za madaraja mawili, la torki na la mpindo, zimechanganywa, na kila namba ya torki utakayotoa ina mpindo ndani yake.

Zoezi hilohilo lina faida ya pili. Daraja la mpindo, tofauti na la torki, unaweza kulikalibreti bure: uzito wa rota unajulikana, umbali wake kutoka kwenye beringi kuu unajulikana, basi ukubwa wa wimbi unapaswa kulingana na zao la viwili hivyo.

## Torki na umeme havilingani

Ukichora torki ya shafti dhidi ya torki uliyoikokotoa kutoka kwenye umeme, unatarajia mstari ulionyooka. Angalia umbo la kasoro, kwa kuwa kila kasoro ina sura yake.

Mstari umenyooka lakini haupiti kwenye sifuri: rudi sehemu iliyopita. Mstari una mwinamo usio sahihi: kizidishi cha kalibresheni ni kibaya, au kipenyo cha shafti kilichukuliwa kwenye mchoro badala ya kupimwa pale geji zilipo, na kosa la kipenyo hukuzwa mara tatu kwa sababu torki inategemea kipenyo kwa kipeo cha 3. Nukta zimetawanyika kama wingu: saa za rekoda na za SCADA hazisomi pamoja. Sekunde chache za tofauti zinatosha kuharibu mchoro siku ya upepo wa vishindo.

Linganisha vipindi vilivyotulia tu. Upepo ukipiga ghafla, sehemu ya torki ya shafti huenda kuongeza kasi ya jenereta na haionekani kwenye umeme wakati huo. Kwa mtambo usio na geji hili ni la lazima: torki inakadiriwa kwa kugawa nguvu ya umeme kwa kasi, halafu unaongeza kipande cha kuharakisha, ambacho ni inasha ya jenereta (ukaidi wake wa kubadili mwendo) ikizidishwa kwa mabadiliko ya kasi kwa kila sekunde. Ukikiacha kipande hicho, umekiacha kishindo chenyewe ulichokuwa unakitafuta.

## Wastani ni mzuri, lakini beringi zinakufa

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, nami nitakaa kidogo.

SCADA huhifadhi wastani wa dakika 10. Mfumo wa shafti na giaboksi katika mitambo mingi mikubwa hujisokota na kujirudi mara moja au mbili kwa sekunde. Ndani ya wastani mmoja kuna mamia ya mizunguko hiyo ambayo hutaiona kamwe. Mtambo ukisimama kwa dharura, breki ya upande wa jenereta ikashika, torki hupanda, hushuka hadi chini ya sifuri, hupanda tena. Kila inapopita sifuri, meno huachia uso mmoja na kugonga mwingine. Roli za beringi ya kasi ya juu zilizokuwa zimebanwa upande huu hujikuta zinabebeshwa mzigo upande wa pili kabla hazijapata mwendo unaofaa, basi zinateleza badala ya kubingirika. Wastani wa dakika hizo 10 utasema mtambo ulikuwa unapungua nguvu. Basi.

Kwa nini vishindo vya sekunde chache viwe na uzito? Kwa sababu uhai wa beringi ya roli hupungua kwa kipeo cha 10/3 cha mzigo. Mzigo ukizidi kwa asilimia 10, uhai hushuka hadi asilimia 73. Ukiongezeka maradufu, unabaki na sehemu moja ya kumi. Na hesabu hiyo ni ya uchovu wa kawaida wa chuma peke yake. Kuteleza kwa roli hakumo ndani yake hata kidogo, wala nyufa zile zenye kingo nyeupe zinazoonekana chuma kikikatwa na kutiwa asidi, ambazo huipasua pete ya ndani ya beringi kwa urefu mapema mno kuliko hesabu yoyote ya uchovu. Wataalamu bado wanabishana kuhusu chanzo chake: wengine hutaja haidrojeni, wengine umeme unaopita kwenye beringi, wengine viambato vya oili, wengine kuteleza.

Mradi wa pamoja wa kuegemeka kwa giaboksi ulioanzishwa mwaka 2007 na NREL, maabara ya taifa ya nishati jadidifu ya Marekani, ulifunga vihisi ndani ya giaboksi za kW 750 na kuzipima zikiwa kwenye jukwaa la majaribio na zikiwa juu ya mnara. Moja ya mambo yaliyodhihirika ni kwamba hitilafu nyingi za giaboksi huanzia kwenye beringi kuliko kwenye meno. Ukiona jino limemenyeka, kabla hujalilaumu jino tazama beringi inayolishikilia.

Unachotakiwa kufanya: rekodi torki kwa kasi ya angalau sampuli 20 kwa sekunde, na kila kusimama, kuwaka na hitilafu ya gridi kuhifadhiwe pamoja na kilele chake cha juu na cha chini. Kisha panga matukio kwa aina. Mara nyingi utakuta aina moja ya kusimama inaleta sehemu kubwa ya torki hasi, na dawa yake iko kwenye programu ya udhibiti: kugeuza mapanga kwanza, breki ishike baadaye.

Kuna kosa lingine linalofanana na hili, ila lenyewe liko kwenye hesabu. Watu huchukua njia ya kuhesabu mizunguko ya mkazo iliyobuniwa na Matsuishi na Endo mwaka 1968, njia nzuri kabisa kwa mnara na mapanga, na kuitumia moja kwa moja kwenye torki ili kukadiria uhai wa meno. Torki ikitulia saa nzima, njia hiyo haioni mzunguko wowote. Jino la pinioni (gia ndogo ya jozi) inayozunguka mara 1,500 kwa dakika limekwisha kugongwa mara 90,000 ndani ya saa hiyo. Kwa gia, hesabu muda uliotumika katika kila ngazi ya torki na uuzidishe kwa mizunguko ya gia husika. Jino la gia ya jua hukutana na kila sayari, hivyo lenye sayari tatu huzidishwa kwa tatu. Jino la sayari lina balaa lake: husukumwa upande mmoja na jua na upande wa pili na pete, hivyo shina lake hupindwa huku na huko kila mzunguko.

## Wimbi moja kwa kila mzunguko, au matatu

Torki inayopanda na kushuka mara tatu kwa kila mzunguko wa rota yenye mapanga matatu ni ya kawaida: kila panga hupita mbele ya mnara na kwenye upepo wa juu ulio mkali zaidi. Mara moja kwa mzunguko ni habari nyingine. Ama panga moja ni zito kuliko mengine, ama limekaa kwa pembe tofauti, ama limeshika barafu. Uzito na pembe hutenganishwa kwa upepo: kasoro ya pembe hukua kadiri upepo unavyoongezeka, ya uzito hufuata kasi ya mzunguko. Irekebishe mapema. Giaboksi haikuisababisha, lakini ndiyo inayoilipia.

## Sayari moja inabeba kuliko wenzake

Geji zilizobandikwa kwenye mashina ya meno ya gia ya pete, au nje ya pete hiyo, huonyesha kilele kila sayari inapopita. Vilele vitatu visivyolingana vina maana mbili tofauti, na kuzichanganya ni rahisi.

Kama sayari ileile inatoa kilele kikubwa popote inapopita, tatizo liko kwenye sayari au kwenye kibebeo, fremu inayozishika sayari zote: pini imekaa nje kidogo ya mahali pake, au beringi ya sayari imechakaa. Kama kila sayari inapopita mahali fulani pa pete, tuseme upande wa chini, ndipo kilele kinakuwa kikubwa, basi giaboksi nzima inasukumwa upande. Hapo mzigo haukutoka kwenye torki. Umetoka kwenye mpindo wa shafti kuu unaovuka hadi ndani.

Katika mitambo yenye beringi kuu moja, ambako giaboksi yenyewe ni nguzo ya pili ya shafti, fuatilia hatua hizi kuanzia nje. Tazama raba zilizo kwenye mikono ya chuma inayoishikilia giaboksi. Zikilegea au zikipasuka, giaboksi hucheza, na kihisi cha mwendo kilichofungwa kati ya giaboksi na kitanda chake kitakuonyesha inacheza kiasi gani na katika nguvu ipi ya umeme. Kisha beringi kuu: ikilika, shafti husogea mbele na nyuma na kukisukuma kibebeo cha sayari. Mwisho kabisa nafasi ndani ya beringi za kibebeo. Nafasi ikiwa kubwa, kibebeo huinama, meno hubebana kwenye ncha moja tu ya upana wake.

Ukiingiza boroskopu, kamera nyembamba ya kuchungulia ndani, utaliona hilo bila kipimo chochote. Jino linalobeba vizuri lina mng'ao unaotanda karibu upana wote. Linalobeba upande mmoja lina mng'ao mwisho mmoja, na pale mwishoni uso umegeuka kijivu kisichong'aa, kama umepakwa vumbi la jivu lisilofutika. Kijivu hicho ni maelfu ya vishimo visivyoonekana kwa macho. Weka alama kwenye jino hilo, andika tarehe na upige picha kwa mwanga uleule kila mara, kwa kuwa swali la maana ni kama kijivu kinaenea. Kingine husimama chenyewe baada ya uso kujilainisha. Kingine huendelea hadi jino linapoteza umbo lake, kisha vishimo vikubwa vinafuata.

## Mtetemo: mistari ya pembeni inasema nini

Jozi ya gia hutoa sauti yake kwa idadi ya meno mara kasi. Kwenye mtambo wetu tuseme pinioni ya mwisho ina meno 29 na gia inayoisukuma ina meno 103. Pinioni huzunguka mara 25 kwa sekunde, hivyo kukutana kwa meno ni mara 725 kwa sekunde, yaani 725 Hz. Gia kubwa huzunguka mara 7.04 kwa sekunde.

Kwenye mchoro wa masafa ya mtetemo, mstari wa 725 Hz kupanda peke yake hautoshi kukutisha, maana hupanda na mzigo. Ndiyo maana mtetemo usiolinganishwa na torki ya wakati uleule hauna thamani kubwa: gawa rekodi zako kwa ngazi za torki, kisha linganisha ngazi na ngazi yake. Kinachostahili hofu ni mistari ya pembeni, ile inayojitokeza pande zote mbili za mstari huo kwa nafasi sawa. Ikijipanga kwa nafasi za 25 Hz, kosa liko kwenye pinioni. Kwa nafasi za 7.04 Hz, liko kwenye gia kubwa. Jino moja lililopasuka hutoa mistari mingi iliyotawanyika mbali, na kwenye wimbi la wakati unaona pigo moja kwa kila mzunguko.

Mistari isiyogawanyika kwa kasi ya shafti yoyote mara nyingi ni ya beringi. Chuja masafa ya juu, tazama mapigo yanajirudia baada ya muda gani, na ulinganishe na namba za beringi hiyo kutoka kwa mtengenezaji.

Hatua ya sayari ina mitego zaidi. Tuseme pete ina meno 96, jua 24, sayari 36. Kukutana kwa meno ni 96 mara mizunguko 16 kwa dakika, yaani 25.6 Hz. Umeona tatizo? Shafti ya jenereta iko kwenye 25 Hz. Kasi ikipandashuka kwa asilimia tatu tu wakati wa kurekodi, mistari hiyo miwili inachanganyika, na alaimenti mbovu ya jenereta (shafti yake kutonyooka na ya giaboksi) inaweza kusomwa kama kifo cha hatua ya sayari, hitilafu ambayo kuitengeneza kunahitaji kreni. Tumia alama ya mzunguko kutoka kwenye shafti na upange data kwa mizunguko badala ya sekunde. Hapo shafti inakaa kwenye 1.000 na sayari kwenye 1.024, na haviingiliani tena.

Pia, kihisi kilichofungwa kwenye pete husikia kila sayari ikija na kuondoka. Mistari ya pembeni kwa nafasi za 0.8 Hz ipo hata kwenye giaboksi mpya. Ya 0.27 Hz, mara moja kwa mzunguko wa kibebeo, ndiyo inayosema sayari hazifanani. Kuitenganisha kunahitaji rekodi ya dakika nzima au zaidi. Mifumo mingi huletwa ikiwa imepangwa kurekodi sekunde 10, muda unaofaa kwa upande wa jenereta na usiofaa kitu kwa upande wa rota.

## Oili na joto

Maabara huripoti chuma ndani ya oili kwa sehemu katika milioni, lakini kipimo cha kawaida, kinachochoma oili na kusoma mwanga wake, huona chembe ndogo tu za mikroni chache. Jino linapoanza kumenyeka hutoa vipande vikubwa. Kwa hiyo chuma kilichotulia kwenye ripoti huku kihesabu chembe ndani ya mtambo kikipanda si mkanganyiko: ni dalili kwamba kulika kumekwisha geuka kumenyeka. Msimbo wa ISO 4406, kiwango cha kimataifa cha usafi wa oili, hutoa namba tatu kwa chembe zinazozidi mikroni 4, 6 na 14, na kila namba ikiongezeka kwa moja idadi huwa karibu maradufu. Kupanda kwa namba mbili si jambo dogo.

Fungua filta uangalie. Vipande bapa vinavyong'aa ni vya uso wa jino au beringi uliobanduka. Vyuzi vilivyojikunja ni vya kukwaruzana, na mara nyingi huonyesha chembe ngumu ilipita.

Joto la oili likipanda, lilinganishe kwanza na mtambo jirani kwenye nguvu ileile. Likiwa juu hata mzigo ukiwa mdogo, shuku kipozeo au vali yake kabla ya gia. Joto la beringi moja likiachana na la oili, hiyo ni ya beringi. Asubuhi za baridi zina siri yake: oili nzito yenye mnato wa daraja la 320 hufungua vali ya kukwepa filta, na kwa dakika hizo uchafu wote huzunguka bila kuchujwa.

## Meno yaliyolika mtambo ukiwa umesimama

Mtambo uliofungwa breki wiki kadhaa ukisubiri vipuri haupumziki. Upepo hutikisa rota huku na huko kidogo sana, meno yaleyale yanasuguana mahali palepale, na oili hukamuliwa ikatoka. Utakuta mistari myembamba ya kahawia iliyovuka uso wa jino. Acha rota izunguke bure kila inapowezekana, na pampu ya oili iwashwe mara kwa mara.

## Utabiri unarukaruka

Leo programu inasema miaka saba imebaki, mwezi ujao minne, kisha tisa. Hesabu yenyewe, ya kujumlisha uharibifu iliyotoka kwa Palmgren mwaka 1924 na Miner mwaka 1945, hairuki: jumla yake haiwezi kupungua. Kinachoruka ni kile ulichoilisha.

Chunguza mapengo ya data kwanza. Programu nyingi huyajaza kwa sifuri, kana kwamba mtambo ulisimama, na mapengo hupenda kutokea wakati wa dhoruba. Kisha msimu: ukichukua miezi ya upepo mkali na kuinyoosha hadi mwaka mzima, giaboksi itaonekana inakufa. Halafu kalibresheni. Kosa la asilimia 5 kwenye torki linakula asilimia 15 hivi ya uhai wa beringi, na kwa meno, ambayo kipeo chake ni kikubwa zaidi, linakula zaidi. Na usisahau maana ya namba yenyewe: uhai wa L10 ni muda ambao asilimia 10 ya beringi za aina hiyo zitakuwa zimeharibika. Ni habari ya kundi. Hautoi tarehe ya beringi yako.

Kwa hiyo tumia jumla ya uharibifu kupanga foleni ya mitambo, upi utazamwe kwanza kwa boroskopu, na uache mtetemo na chembe vitoe uamuzi wa kufungua. Upande wa jenereta unaweza kusubiri kidogo, kwa kuwa pinioni na beringi zake mara nyingi hubadilishwa hukohuko juu ya mnara bila kushusha giaboksi. Kwenye sayari, kuchelewa kunamaanisha vipande vya chuma kupita katika kila jozi iliyobaki.

Ukiamua kushusha kiwango cha umeme ili kununua muda hadi kreni ifike, angalia namna kidhibiti kinavyokishusha. Nguvu ikishuka hadi asilimia 80 na kasi ikabaki ileile, torki nayo inashuka hadi asilimia 80, na uhai wa beringi kwa hesabu unaongezeka mara mbili na zaidi. Lakini vidhibiti vingine hupunguza kasi pamoja na nguvu. Kasi ikishuka kwa kiwango kilekile, torki inabaki palepale ilipokuwa: umeuza umeme kidogo na jino halikupata nafuu isipokuwa kugongwa mara chache zaidi. Siku ya kwanza baada ya mabadiliko, chora torki dhidi ya kasi kutoka kwenye geji zako, wala usitosheke na kisanduku kilichowekwa tiki kwenye skrini.